Chaja Imetolewa Kwenye Boksi, Vipimo Vimebaki

Tangu tarehe 28 Desemba 2024, simu, tabuleti, kamera, vipokea sauti, spika za kubeba na vifaa vingine kadhaa vinavyoingizwa kwenye soko la Umoja wa Ulaya lazima viwe na tundu la USB-C, kama vinachajiwa kwa waya. Kompyuta mpakato zimepangiwa tarehe 28 Aprili 2026. Mnunuzi naye lazima apewe nafasi ya kununua kifaa bila chaja. Habari hii ilipokewa kwa shangwe, na ina haki ya kushangiliwa, maana droo zetu zimejaa chaja zisizoingia popote. Lakini kwa wanaobuni vifaa, hasa timu ndogo, ilipokewa pia kwa tafsiri ninayoisikia kila mara: kwa kuwa kifaa chetu sasa kinakula volti tano tu kutoka kwenye chaja ya mtu mwingine, usalama wa umeme si shauri letu tena, na vipimo vya mawimbi, yaani vya kelele za redio ambazo kifaa hutoa au hupokea, vitapita vyenyewe. Basi mpango wa vipimo unasogezwa hadi wiki ya mwisho kabla ya uzalishaji. Wengine wanaufuta kabisa.

Mimi naona kinyume chake. Chaja ilipotoka kwenye boksi, kazi ya kupanga vipimo iliongezeka, kwa sababu zamani mbunifu alijua umeme wake unatoka wapi na unapita kwenye waya upi. Sasa hajui. Na asiyejua kifaa chake kitachomekwa kwenye nini anahitaji kuanza kupanga vipimo siku ileile anapochora saketi ya kwanza.

Tafsiri hiyo potofu ina mzizi wa kweli. Ulaya kuna sheria inayoitwa Agizo la Volti Ndogo, namba 2014/35/EU, ambayo inaanzia volti 50 za umeme wa AC (wa kupishana, kama wa ukutani) na volti 75 za DC (wa mwelekeo mmoja, kama wa betri). Kifaa cha volti tano hakimo humo. Wengi husoma hadi hapo wakafunga kitabu. Wangeendelea kidogo wangekutana na Agizo la Vifaa vya Redio, 2014/53/EU, linalohusu kila kifaa chenye Wi-Fi, Bluetooth au redio nyingine yoyote. Agizo hilo linadai usalama uleule wa Agizo la Volti Ndogo, na linasema waziwazi kwamba kikomo cha volti hakitumiki. Saa ya mkononi yenye Bluetooth inayotumia volti tatu na ushei inaingia. Jambo la kuchekesha ni kwamba ile kanuni ya chaja moja, 2022/2380, si sheria inayojitegemea. Ni marekebisho ya Agizo hilohilo la Vifaa vya Redio. Yaani sheria ambayo watu wanadhani imewatua mzigo wa usalama ndiyo inayowatwisha. Na kwa kifaa cha mlaji kisicho na redio, ipo Kanuni ya Usalama wa Bidhaa kwa Jumla, 2023/988, iliyoanza kutumika tarehe 13 Desemba 2024.

Kosa kubwa zaidi si la kisheria lakini. Ni la kifizikia: kudhani kwamba volti ndogo ni hatari ndogo. Mwaka 2016 Samsung iliondoa sokoni simu ya Galaxy Note 7 baada ya baadhi kushika moto, na Januari 2017 ikaeleza kwamba kasoro zilikuwa ndani ya betri, za aina mbili tofauti kutoka kwa watengenezaji wawili. Seli ya lithiamu ina volti zisizofika tano. Mwaka huohuo, 2016, zaidi ya vibao laki tano vya umeme vya kusimamia vyenye magurudumu mawili viliitwa virudishwe nchini Marekani kwa sababu hiyohiyo ya moto wa betri. Hakuna aliyehitaji kupigwa shoti ili aungue.

Kiwango cha kimataifa kinachotawala usalama wa vifaa vya sauti, picha na mawasiliano, IEC 62368-1, kimejengwa juu ya wazo hilo. Kilichukua nafasi ya viwango viwili vya zamani, 60950-1 na 60065, ambavyo Ulaya na Amerika ya Kaskazini viliwekwa kando tarehe 20 Desemba 2020. Vile vya zamani vilikuwa na tabia ya kumwambia mbunifu afanye nini. Hiki kinamuuliza kwanza: nishati iko wapi, ni kiasi gani, na kati yake na mtu kuna nini? Nishati ya kumpiga mtu shoti inapimwa peke yake, na nguvu ya kuwasha moto peke yake. Kwa upande wa moto, daraja la kwanza linaishia wati 15, la pili wati 100, na kinachozidi hapo ni la tatu. Sasa iangalie USB-C kwa macho hayo. Volti tano mara ampea tatu ni wati 15 kamili, ukingoni kabisa mwa daraja la kwanza. Na kwa kuwa chaja huweza kutoa zaidi kidogo kabla ya kujikata, mbunifu makini hajihesabu kuwa yuko chini ya mstari. Toleo la mwaka 2021 la utaratibu wa nguvu wa USB limefika wati 240 kwa volti 48. Volti 48 za DC unaweza kuzigusa bila kuhesabiwa umeguswa na umeme wa hatari, kwani mpaka uko volti 60. Lakini wati 240 ni daraja la tatu la moto. Kitu salama kwa kidole, hatari kwa plastiki. Na ndani ya tundu lenyewe, pini ya nguvu imepakana na pini ya mazungumzo, ile ambayo chaja na kifaa hupatania umeme, kwa nafasi ya nusu milimita. Jasho, vumbi la mfukoni au kipande cha chuma kikikaa hapo, swali la usalama limeshafika kwenye kifaa chako, hata kama chaja ni ya mtu mwingine.

Nikija kwenye upatanifu wa sumakuumeme, ambao mafundi huuita EMC kwa kifupi, mambo yanakuwa matamu zaidi. Maana yake ni mbili: kifaa kisivisumbue vingine kwa kelele za mawimbi yake, na chenyewe kisiyumbe vikikisumbua. Suala ni la kale. Kamati ya kimataifa inayoweka vikomo hivyo, CISPR, iliundwa mwaka 1934 ili wasikilizaji wa redio wasisikie mikwaruzo ya mashine za jirani. Kinachobadilika ni njia ambayo kelele hutoka. Bodi ndogo ya saketi yenyewe ni antena mbaya. Kebo inayotoka kwenye bodi ni antena nzuri sana. Kanuni za Marekani kwa vifaa vya nyumbani, kati ya megahezi 30 na 88, zinaruhusu mikrovolti 100 kwa mita, ikipimwa umbali wa mita tatu. Ukifanya hesabu ya kawaida ya antena fupi, kebo ya mita moja inafikia kikomo hicho, karibu na megahezi 50, kwa mkondo wa mikroampea tano tu unaotoka nje ya kifaa na kupanda juu ya kebo hiyo. Mikroampea tano! Mkondo mdogo hivyo hauonekani kwenye mchoro wowote wa saketi, kwa sababu hakuna aliyeuchora.

Nimewahi kuliona hili kwa macho. Kifaa kidogo cha kukusanya takwimu, bodi nzuri ya tabaka nne, kilikuwa juu ya meza inayozunguka ndani ya chumba cha vipimo, kuta zote zikiwa za sponji nyeusi zenye ncha. Nje, kwenye skrini, mstari wa kelele ulipofika karibu na megahezi 75 ukapanda na kuvuka kikomo. Mhandisi aliyekibuni akashika bisibisi, anataka kufungua kasha atafute kosa kwenye bodi. Fundi wa maabara hakusema neno. Aliingia, akachomoa kebo ya USB, akakiacha kifaa kikiendeshwa na betri, akatoka, akafunga mlango. Mstari ukazama. Kebo ilikuwa ya mita moja, na robo ya wimbi la megahezi 75 ni mita moja.

Zamani kisa kama hicho kiliisha kwa dawa ya haraka: kile kidonge cheusi cha feraiti, dutu inayofyonza kelele, unachokiona kwenye waya za zamani za kompyuta. Unakibana kwenye kebo, kifaa kinapita, na kila boksi linatoka kiwandani na kebo yenye kidonge. Dawa hiyo sasa imekwisha nguvu, kwani kebo si yako. Mtumiaji atachukua yoyote iliyo karibu. Kwa hiyo kinga lazima ikae ndani ya kifaa, pale mlangoni pa tundu, na nafasi yake ikatwe kwenye bodi mapema. Vijisehemu viwili vitatu vya feraiti na kapasita (kijisehemu kinachohifadhi chaji na kupitisha kelele), vikiwa vimechorewa mahali pake tangu mwanzo, havina gharama ya kuzungumzia. Visipotumika vinaachwa wazi. Visipochorewa mahali, ni bodi mpya, sampuli mpya, na foleni mpya ya maabara.

Upande wa kusumbuliwa nao umegeuka. Kila aliyewahi kuchaji simu kwa chaja duni anajua vioja vyake: unagusa herufi moja, skrini inaandika nyingine, au inajibonyeza yenyewe kama ina pepo. Hiyo ni kelele ya chaja inayopita kwenye kebo, ikiyumbisha uso wa skrini unaopima mabadiliko madogo ya chaji ya umeme. Kipo kipimo chake, IEC 61000-4-6, kinachosukuma kelele kwenye waya kuanzia kilohezi 150 hadi megahezi 80. Maadamu ulikuwa unauza chaja yako, ulipimia kwa chaja hiyo na mtumiaji akatumia hiyohiyo. Leo ripoti ya maabara inasema kifaa kilipita kikiwa na chaja fulani tulivu, na nyumbani kinalishwa na kitu kingine kabisa. Anayepanga mapema atachagua chaja tatu nne zenye tabia tofauti, mojawapo ikiwa mbovu makusudi, na kuijaribu bodi ya kwanza mezani pake kabla hata ya kuifikiria maabara.

Kuna sababu nyingine ya kupanga mambo haya mawili pamoja, nayo ni kwamba usalama na EMC hugombana. Mfano bora uko ndani ya chaja yenyewe. Ili kuzima kelele, mbunifu huweka kapasita inayounganisha upande wa umeme wa ukutani na upande wa mtumiaji. EMC inataka iwe kubwa. Usalama unataka iwe ndogo, kwani humo hupita mkondo hadi kwa anayekishika kifaa. Kwa umeme wa volti 230 na hezi 50, kapasita ya nanofaradi 2.2 hupitisha kama miliampea 0.16. Ule mtekenyo unaousikia ukipitisha kidole taratibu juu ya kompyuta ya bati inayochajiwa ndio huo. Haudhuru, ila una kikomo, na kapasita yenyewe lazima iwe ya aina iliyothibitishwa kwa kazi hiyo. Mhandisi akishindwa kwenye chumba cha mawimbi saa kumi jioni akaongeza kapasita, kesho alfajiri ripoti yake ya usalama imechakaa: mkondo wa mguso upimwe upya, uimara wa kihami upimwe upya. Matundu ya hewa nayo ni hivyohivyo. Joto linataka yawe makubwa, moto na mawimbi vinataka yawe madogo. Ukiwapa watu wawili tofauti kazi hizi mbili, kila mmoja na ratiba yake, watakuwa wanafumua kila mmoja alichofuma mwenzake.

Wanaopinga kupanga mapema hawakosi hoja, na iliyo nzito ni hii: bidhaa hubadilika. Timu ndogo hubadilisha bodi mara tatu au nne, na kulipia maabara kwa bodi itakayotupwa ni kumwaga fedha. Hapo nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Kipimo rasmi cha bodi ya kwanza ni anasa. Ila wanachanganya kupanga na kupima. Mpango ni kurasa chache: tutauza wapi, kiwango kipi na toleo lipi, kifaa kitakuwa katika hali gani kinapopimwa, kebo zipi zimechomekwa, sampuli ngapi, nini kitangulie. Karatasi hiyo haitupwi bodi ikibadilika. Hoja ya pili ni kwamba vifaa vya bei nafuu vya kujipimia mezani hudanganya, kwa sababu chumba cha kawaida kimejaa redio za watu. Ni kweli kwa anayetafuta namba kamili. Si kweli kwa anayelinganisha. Klempu ya mkondo iliyobanwa kwenye kebo haitakupa hati ya kupita, lakini itakuonyesha kama mabadiliko ya leo yamepunguza zile mikroampea au yameziongeza, na mara nyingi hilo ndilo swali pekee lenye maana katika wiki ya pili ya kazi.

Hoja iliyo nyepesi kuliko zote, na kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika sana, ni ile ya vipande vilivyothibitishwa. Chaja ina alama ya CE, ile ya kudai bidhaa inatimiza sheria za Ulaya, moduli ya Wi-Fi ina hati yake, betri ina ripoti, basi bidhaa imepita kwa urithi. Haiendi hivyo. Hati ya moduli inasema redio hiyo ilipimwa ikiwa katika hali fulani, na antena fulani, umeme safi, na bila skrini yako kupiga kelele sentimita mbili kutoka kwenye antena. Mwenye bidhaa anabaki na wajibu wa kuonyesha kwamba mkusanyiko mzima uko sawa. Na CE si hati inayotolewa na mtu. Kwa sehemu kubwa ya vifaa hivi mtengenezaji hujitangazia mwenyewe, akasaini, na kulihifadhi jalada la kiufundi kwa miaka kumi. Siku mkaguzi akiliomba, karatasi za moduli zitajaza kurasa za viambatisho tu. Vipande vilivyothibitishwa vinasaidia kweli, sibishi: vinafupisha orodha ya vipimo. Lakini kujua vinaifupisha wapi na haviifupishi wapi ni kazi ya mpango uleule wanaotaka kuukwepa.

Kuna kipengele kimoja cha mpango ambacho hata timu nzuri hukiacha, nacho ni kuamua mapema maana ya kupita. Katika vipimo vya kusumbuliwa, kiwango hutoa madaraja ya mwenendo: kifaa kiendelee kama hakuna kilichotokea, au kiyumbe kisha kijirudishe chenyewe, au kihitaji mtu akirudishe. Kwa umeme tuli, ambao hupigwa kilovolti nne kwa kugusa na nane kwa hewani, kifaa cha kawaida kinaruhusiwa kuyumba ilimradi kijirudishe. Chuma cha tundu la USB-C ndicho hupigwa kwanza, na pigo la kilovolti nne hufikia kilele cha ampea 15 katika muda usiozidi nanosekunde moja. Je, kuzima na kuwaka upya ni kujirudisha? Kwa spika pengine ndiyo. Kwa kifaa kinachohifadhi takwimu za mgonjwa, na kikapoteza dakika mbili, hapana. Mtengenezaji ndiye anayelijibu swali hilo kwa maandishi kabla ya kupima, na mwamba ngoma huvutia kwake: ukimwachia alijibu baada ya kushindwa, atagundua ghafla kwamba kuzima ni tabia ya kawaida ya bidhaa yake. Anayejibu mapema hulazimika pia kuandika programu maalumu ya majaribio, inayoendesha redio, skrini na chaji kwa pamoja na kuandika kumbukumbu ya kila hitilafu. Bila programu hiyo, fundi wa maabara anabaki kukitazama kifaa kimya na kukisia kama bado kiko hai.

Mpangilio nao si wa kubahatisha. Vipimo vya kelele zinazotoka hutangulia, kwani haviharibu kitu na ndivyo hubadilisha bodi mara nyingi. Umeme tuli na mawimbi ya ghafla kwenye waya hufuata, kwa sampuli ambazo hutazililia. Vya usalama, vile vya kuunganisha kimakusudi sehemu moja baada ya nyingine ili kuona kama kutatokea moshi, hufanywa kwa bodi ambayo haitaguswa tena, na zihesabiwe sampuli za kufa. Ukigeuza mpangilio huu unajikuta umechoma sampuli za mwisho kuthibitisha usalama wa bodi ambayo wiki inayofuata inabadilishwa ili ipite kwenye mawimbi.

Mameneja watalazimika kubadilisha mahali wanapoandika neno vipimo kwenye ratiba zao. Linakaa mwisho, kama mtihani wa darasani. Likihamia mwanzo, ununuzi utaulizwa maswali mapya kuhusu plastiki isiyoshika moto na kapasita zenye uthibitisho, mwandishi wa programu atapewa kazi ambayo haikuwamo, na mchora bodi atadaiwa nafasi kando ya tundu ambayo angependa kuitumia kwa kitu kingine. Upande wa viwango pia kuna deni. Ripoti nyingi bado huandikwa kana kwamba kifaa na chaja ni ndoa. Zina ukurasa wa picha za mpangilio wa kipimo, na katika picha hizo, pembeni ya meza, iko chaja moja nyeupe yenye namba ya modeli iliyonakiliwa kwa uangalifu kwenye jedwali. Ukifungua boksi la bidhaa yenyewe, chaja hiyo haimo.